Nafasi Iko Kwenye Ridhimu

Hotuba kwa vijana wapiga gitaa, Kinondoni, Dar es Salaam

Wazee wangu mliotutangulia kwenye kazi hii, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliokuja na magitaa mgongoni: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, namna mpiga gitaa wa Dar es Salaam anavyoweza kupata bendi. Swali hili naulizwa sana, na mara nyingi linakuja kwa sura ileile. Kijana anasubiri bendi imalize, ananisogelea wakati tunakunja nyaya, ananiambia, "Mzee, mimi napiga solo, niunganishie bendi." Ni nadra sana kijana aje aniambie anapiga ridhimu. Basi niseme mapema ninachokiamini, halafu muda uliobaki tukipitie pamoja. Anayetaka bendi katika mji huu ajifunze kupiga gitaa la nyuma. Ridhimu na sekendi solo ndizo nafasi zinazoachwa wazi, na ndizo zinazomkosesha usingizi kiongozi wa bendi.

Bendi ya dansi iliyokamilika, kwa utaratibu tuliorithi, ina magitaa manne: solo, sekendi solo, ridhimu na besi. Mpiga solo akishakubalika na mashabiki hang'oki kirahisi. Jina la Saidi Mabera limefungamana na solo ya bendi ya Msondo Ngoma kwa miongo kadhaa. Shabiki wa Msondo akiisikia ile solo akiwa bado barabarani, hajafika hata getini, anajua nani anapiga. Hakuna kiongozi wa bendi atakayemweka pembeni mtu wa namna hiyo kwa sababu kijana mmoja kutoka Tandale ana vidole vyepesi. Lakini mpiga ridhimu anaumwa. Anapata mkataba wa hoteli huko Oman au Dubai. Anaitwa na bendi nyingine yenye posho nzuri zaidi, na Jumamosi hiyohiyo kuna harusi ambayo wenyewe wameshalipa. Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa. Je, namba yako imo kwenye simu ya huyo anayepiga?

Ninyi ni watu wa Simba na Yanga, mnalijua hili: hakuna timu inayosajili washambuliaji kumi na mmoja. Lakini kwenye magitaa ndivyo tunavyojaribu kujisajili.

Naomba nikae kidogo kwenye ridhimu yenyewe, maana wengi mnaiona kuwa ni kazi ya mtu aliyeshindwa solo, na mtazamo huo unawafungia milango bila ninyi kujua.

Bendi ikiwa kwenye ubeti, mwimbaji yuko mbele, besi inatembea, na ridhimu inakata kodi zake tatu au nne, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa mkono usiopumzika. Anayeipiga vizuri utamjua kwa kiganja cha kulia. Kinagusa nyuzi karibu na daraja la gitaa, kinaizima sauti kabla haijavuka mpigo wake. Akiziachia nyuzi zilie, gitaa linaingia kwenye maneno ya mwimbaji, tumba zinamezwa, na msikilizaji pale mezani anahisi kelele ingawa hajui inatoka wapi. Sekendi solo yeye anakaa katikati. Anachukua kipande kifupi, sauti nne au tano hivi, anakirudia na kukirudia, na kile kipande kinajibizana na solo. Wimbo ukiingia kwenye chemko, yaani ile sehemu ya kuchangamka na kucheza, mpiga solo anapanda juu kabisa ya shingo ya gitaa na macho yote yanamhamia yeye. Hakuna anayemtazama mtu wa katikati. Lakini nimeona jukwaani uzi wa gitaa la sekendi solo ukikatika katikati ya chemko. Mwenyewe akainama kutafuta uzi mwingine kwenye begi, na watu waliokuwa uwanjani wakicheza wakaanza kupungua mwendo, mmoja mmoja, bila mtu kuwaambia lolote. Solo ilikuwa bado inapigwa, tena vizuri tu. Ilikosa mtu wa kuijibu.

Wenzetu wa Kongo wanalo gitaa hilo la katikati wanaloliita mi-solo, na wapo wapigaji wao wanaoondoa uzi wa nne na kuweka mahali pake uzi mwembamba unaolia oktava moja juu, ili vipande vile vifupi ving'ae. Wanamuziki waliokuja Dar na bendi kama Makassy na Maquis walitukuta na magitaa yetu yanayosukana, wakatuongezea sikio la namna hiyo. Ndiyo maana anayesema ridhimu ni rahisi huwa namwomba aniketie hapa anipigie wimbo mmoja wa Sikinde, yaani Mlimani Park, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwendo usipande wala kushuka, dakika zote saba. Wengi wanaishia dakika ya tatu.

Kazi ya nyumbani ninayowapa vijana wangu ni hii. Chukua rekodi ya Mlimani Park, ya JUWATA au ya Vijana Jazz, zile zilizorekodiwa Radio Tanzania. Enzi hizo bendi nzima iliingia studio ikapiga kwa pamoja, sio gitaa moja leo na jingine kesho. Mmoja akikosea, wanarudia wote. Kwa hiyo unachokisikia ni watu wanaosikilizana kweli. Vaa spika za masikioni, usikilize besi peke yake mpaka uweze kuiimba. Rudia wimbo, fuata ridhimu peke yake. Rudia tena, mtafute sekendi solo, uone anaingia wapi na ananyamaza wapi. Solo iwe ya mwisho. Kijana akifanya hivyo kwa nyimbo kumi za bendi moja, siku akiingia mazoezini kwa bendi hiyo atakuwa anajua zaidi ya wengi wanaojiita wapiga solo.

Sasa hizo nafasi zinapatikanaje? Nitawarudisha nyuma kidogo, maana mji huu una historia yake na historia hiyo bado inatuongoza.

NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Polisi, Magereza na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya shirika, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara, na aliyeondoka aliliacha gitaa ukutani. Kwa hiyo waliohama walihama na vidole vyao na jina lao tu. Katikati ya miaka ya 80, Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo marehemu Muhidin Maalim Gurumo, na mji mzima ukawa unazungumzia Ndekule, mtindo wa bendi hiyo ya Kisima. Watu wanakumbuka sana waliohama. Mimi nawaomba mkumbuke walioingia Mlimani Park kuziba yale mapengo, kwa sababu Sikinde haikufa, iliendelea kupiga. Kila mtu anapohama bendi Dar es Salaam, kuna mwingine asiyejulikana anapata kazi.

Remmy Ongala naye alikuja Dar mwaka 1978 kutoka Kongo kwa sababu mjomba wake, Mzee Makassy, alikuwa na bendi. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo hadi leo: nafasi inatembea kwa watu wanaojuana. Nawasikia vijana wakinung'unika kwamba muziki wa mji huu ni wa kujuana. Ni kweli, na mimi sioni ubaya wake. Kiongozi wa bendi anakukabidhi harusi ya mtu, siku ambayo haitarudiwa. Lazima amtake mtu ambaye ameshamwona akifika kwa wakati, akiwa hajalewa, na gitaa lake limetyuniwa. Asiye na mjomba mwenye bendi ajenge ujamaa kwa miguu yake mwenyewe.

Na mahali pa kuujenga ni mazoezini. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana vijana wengi wanafika kwenye onyesho usiku, wanalipa kiingilio, wanamtazama mpiga solo, wanarudi nyumbani. Usiku kila mtu ana shughuli. Bendi nyingi hufanya mazoezi mchana, siku za katikati ya wiki, palepale kwenye ukumbi au baa wanapopigia, viti bado vimepinduliwa juu ya meza na mhudumu anapiga deki. Hakuna kiingilio. Nenda, nunua soda yako, salimia wazee, kaa.

Kuna binti mmoja, jina lake nalihifadhi, alikuwa akipiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa kule Mbagala. Alianza kuja mazoezini kwetu akiwa na daftari la shule. Hakuomba kupiga. Alikuwa akiandika, na bendi ikipumzika alimfuata mpiga dramu, sio sisi wapiga gitaa. Alimuuliza maswali madogomadogo: kwenye wimbo huu mnakata mara ngapi kabla ya chemko, ishara anatoa nani, ni mkono wa mwimbaji au ni sahani ya dramu yako? Mpiga dramu alifurahi sana, maana hakuna anayemuuliza kitu. Baadaye nilikuja kuelewa hekima ya yule binti. Mpiga gitaa unayemnyemelea nafasi yake atakuona adui, hata kama hukusudii. Mpiga dramu hana cha kukuonea wivu, na ndiye anayejua nyimbo zote zinageukia wapi. Basi, Jumamosi moja saa nane mchana mpiga ridhimu wetu alishikwa na malaria, homa kali, hawezi hata kukaa, na tulikuwa na harusi Tabata saa mbili usiku. Kiongozi wa bendi akaanza kutaja majina ya wanaume, huyu hapatikani, yule yuko Morogoro. Mpiga dramu akasema, "Muiteni yule binti wa daftari." Alikuja na kebo yake, na nyuzi za akiba, na lile daftari akaliweka juu ya amplifaya. Hakupiga kitu chochote cha kumfanya mtu ageuke. Alikata alipotakiwa kukata. Wiki iliyofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mazoezi, na huo ndio ukawa mwanzo wake.

Kalenda nayo ina maneno yake. Mwezi mtukufu wa Ramadhani bendi nyingi za dansi hupumzika au kupunguza maonyesho, halafu Idd Mosi na Idd Pili kumbi zote zinataka muziki. Wiki za mwisho wa Ramadhani ndipo bendi zinapojipanga upya, zinatunga, zinaita watu wapya, na wengine wanahama. Wakristo nao, Kwaresima harusi hupungua, Pasaka ikishapita zinafululiza, na Desemba ndiyo usiseme, siku moja bendi moja inaweza kuombwa sehemu tatu. Ukitafuta bendi katikati ya msimu, wakati wote wamekamilika na wana kazi, utaambiwa subiri. Ukiwa mazoezini siku kumi kabla ya Idd, unaweza kupewa gitaa.

Milango mingine nitaipitia haraka. Makanisani ndiko wapiga gitaa wengi wa mji huu wanakojifunzia siku hizi, na anayepiga ibada kila Jumapili anajua kubadilisha ufunguo ghafla mchungaji anapoanzisha wimbo bila taarifa. Usiidharau shule hiyo. Taarabu ya kisasa inatumia gitaa la solo na la besi, na inataka mtu mvumilivu anayeheshimu mwimbaji. Bendi za hotelini kule Masaki na Oysterbay zinapiga kopi, yaani nyimbo za wengine: rumba, zuku, rege, chacha, zilipendwa, na wimbo wa Bongo Fleva uliotoka mwezi uliopita. Kule hawaulizi una mtindo gani, wanauliza unajua nyimbo ngapi. Wasanii wa Bongo Fleva nao wengi wanarekodi kwa kompyuta, lakini wakialikwa mahali panapotaka muziki wa laivu wanahitaji watu. Sauti za Busara kule Unguja, kila Februari, imeshikilia kwa miaka mingi kwamba muziki upigwe laivu. Msanii akipata nafasi kama hiyo anatafuta mpiga gitaa anayeweza kuuchukua wimbo uliotengenezwa kwa kinanda cha kompyuta na kuugeuza ukae kwenye nyuzi sita. Anayetaka kukutana na watu wa namna hiyo apite Nafasi Art Space pale Mikocheni, apite Alliance Française kule Upanga siku za maonyesho. Anayetaka kusoma noti kabisa, Bagamoyo kipo chuo cha sanaa cha TaSUBa, Unguja kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries, na Chuo Kikuu pale Mlimani wanafundisha.

Na jifunzeni zaidi ya chombo kimoja. Marehemu Michael Enoch alisifika kwa gitaa la solo akiwa Dar es Salaam Jazz, na Mlimani Park wakamjua kwa saksofoni. Mtu wa namna ile hakosi bendi. Kwenu ninyi chombo cha pili kilicho karibu ni besi. Mpiga ridhimu anayeweza kushika besi usiku mmoja ni wa thamani kubwa kwa kiongozi wa bendi.

Umeitwa mazoezini. Unaenda na nini? Gitaa lako mwenyewe, hata kama ni la bei ya chini, lakini lipeleke kwanza kwa fundi akusawazishie shingo na urefu wa nyuzi. Gitaa la bei nafuu lililorekebishwa linalia vizuri kuliko la bei kubwa lililopinda. Chukua kebo mbili, maana kebo ndiyo inayokufa kwanza. Seti ya nyuzi za akiba, mkanda, na programu ya kutyuni kwenye simu. Usifike kuomba kebo kwa mtu unayetaka akuamini. Ukifika, usichomeke mpaka uonyeshwe pa kuchomeka, na usiguse amplifaya ya mwenzako hata kama unaona sauti yake imezidi. Ukiulizwa unapiga nini, sema, "Nitapiga panapopungua." Nimewaona viongozi wa bendi wakilipokea jibu hilo kwa tabasamu la mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Kisha piga kidogo. Wimbo usioujua, kaa kimya ubeti wa kwanza, usikilize besi, ingia ubeti wa pili. Hakuna atakayekulaumu kwa ukimya. Watakulaumu ukipiga juu ya mwimbaji.

Na wewe pia una haki ya kuuliza, tena uulize kabla ya onyesho la kwanza. Posho ni kiasi gani, inalipwa usiku uleule au mwisho wa mwezi? Onyesho likiisha saa tisa usiku, nani anakurudisha nyumbani Gongo la Mboto? Kama ni harusi, malipo ya awali yamepokelewa? Gitaa likiharibika kazini, nani anatengeneza? Mashabiki wakitunza, zile noti zinagawanywaje, au ni za mwimbaji peke yake? Nilipigia bendi moja, siitaji, ambayo kila mwisho wa onyesho tuliambiwa watu walikuwa wachache, na sisi tuliokuwa jukwaani tuliona ukumbi umejaa hadi ngazini. Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza hesabu ya mlangoni. Ulizeni. Ulizeni kwa adabu, mbele ya wenzenu, tena mapema. Na mkitunga pamoja, kubalianeni majina ya nani yataandikwa wimbo utakaposajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa sababu mirabaha inafuata majina yaliyoandikwa, na kipande cha sekendi solo kilichoubeba wimbo mzima hakina jina kama hukukisemea. Bendi yenyewe nayo iwe imesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Isiyosajiliwa inaweza kuzuiwa siku ya onyesho, nawe ukarudi na gitaa lako mgongoni.

Dada zangu, nataka niseme nanyi peke yenu dakika moja. Miaka ya 60 mji huu ulikuwa na bendi ya wanawake watupu, Women Jazz, wakishika magitaa wenyewe. Leo ukitaja waimbaji wanawake wa dansi orodha ni ndefu, ukitaja wapiga gitaa tunaanza kufikiri. Hali hiyo inaniumiza kwa dhati, na najua sababu zake si vidole. Ni saa za usiku, ni usafiri, ni maneno ya majirani, ni wanaume ndani ya bendi wasiojua mpaka. Viongozi wa bendi mliopo hapa, hili ni lenu: ukimwita binti kupiga, gari la kumrudisha liwe limepangwa kabla hujampigia simu, na atakayemsumbua jukwaani au nyuma ya jukwaa aondoke yeye, sio binti. Bila hivyo tutaendelea kuwapoteza, halafu tutasema wanawake hawapendi gitaa.

Wapo watakaoniuliza kwa nini wasianzishe bendi yao wenyewe. Anzisheni, sina neno. Ila vyombo vya bendi nzima ni fedha nyingi: spika, mikisa, dramu, kinanda, na gari la kuvibeba. Vijana wengi wanakopa, wanapiga maonyesho machache, mdai anachukua spika. Mimi naona ni afadhali kuanza wawili au watatu, magitaa mawili na tumba, mpige kwenye mgahawa mdogo au sherehe ya kumuaga binti, huku kila mmoja akiendelea kujifunza ndani ya bendi kubwa. Watu wawili wanaojua kusukana, mmoja akikata ridhimu na mwingine akiimba kwa solo, wanatosha kabisa kwa watu hamsini. Na hapo pia, mnaona wenyewe, mmoja lazima akubali kukaa nyuma.

Maneno yangu yameisha. Pale pembeni kuna amplifaya nne zimeshawashwa, na mzee wetu wa tumba amekubali kutushikia mwendo. Nataka watu wanne. Tutapiga rumba ya taratibu, ufunguo wa G, kodi tatu tu, na tutazunguka: kila baada ya dakika tano mnabadilishana nafasi, ili kila mmoja apite kwenye ridhimu, sekendi solo, besi na solo. Ninyi mliobaki mmsikilize mtu wa ridhimu, na mkisikia mwendo umepanda, inueni mkono tumsimamishe. Mwenye swali atauliza wakati wa kubadilishana. Wewe mwenye gitaa jekundu, pita mbele uanze na ridhimu. Nawe dada uliyekaa karibu na mlango, chukua besi. Wengine tyunini.